Uzamivu wa saikolojia tiba: tasnifu hapa nyumbani au mazoezi ugenini?

Kijana mmoja wa Nachingwea alinijia nyumbani Shangani, hapa Mtwara mjini, Jumapili moja baada ya alasiri. Mkononi ana daftari, ukurasa umepigwa mstari katikati. Kushoto kaandika "Dar", kulia "Nairobi", na chini kabisa, kwa herufi ndogo kama anayeona haya, "Marekani". Ana shahada ya uzamili ya saikolojia tiba, anafanya kazi katika hospitali moja mkoani Lindi, na sasa anataka uzamivu. Baada ya shikamoo na kikombe cha chai akauliza: "Dada, hivi ipi ina uzito zaidi?"

Nikalisoma daftari. Ada ipo, miaka ipo, majina ya vyuo yapo. Kilichokosekana ni Jumanne. Jumanne ya kawaida tu: mwanafunzi wa njia hii anaamka kwenda wapi, anakaa na nani, na jioni, akiwa bado amebeba kifuani maneno ya mtu aliyemwambia hataki kuishi, anamshushia nani mzigo ule? Kwa anayesoma saikolojia tiba, hilo ndilo linaloamua kama atamaliza, na akimaliza atakuwa mtu wa namna gani mbele ya mgonjwa.

Mimi nimepita njia ya tasnifu, hapahapa nchini. Rafiki yangu ambaye ni chanda na pete na mimi tangu uzamili alikwenda Marekani akasoma ile ya mazoezi. Binti mwingine niliyewahi kumsimamia fildi yuko Nairobi sasa hivi. Sote ni watu wa kusini, sote tulitoka na begi moja kwenye basi la alfajiri. Nitalinganisha kwa niliyoyaishi na kwa waliyonisimulia wao.

Jina moja, kazi mbili

Kwanza tuondoe mkanganyiko, maana umewagharimu wengi. PhD ya saikolojia tiba ya Marekani na PhD ya hapa kwetu ni kama wanawake wawili walioitwa Halima: jina moja, tabia tofauti kabisa.

Mwaka 1949 wanasaikolojia wa Marekani walikutana mji wa Boulder, Colorado, wakakubaliana kwamba mwanasaikolojia tiba afundwe mambo mawili kwa pamoja, utafiti na tiba. PhD yao imesimama juu ya makubaliano hayo: darasa, wagonjwa, tasnifu, kisha mwaka mzima wa utarajali, yaani kufanya kazi ya tiba chini ya usimamizi. Baadaye wapo walioona kwamba utafiti umemeza tiba. Chuo Kikuu cha Illinois kikaanzisha mwaka 1968 udaktari mwingine unaoegemea tiba, PsyD, na mkutano wa Vail wa mwaka 1973, Colorado hukohuko, ukaukubali rasmi. Kwa hiyo Marekani hata ukichagua PhD, utakaa na wagonjwa.

Hapa kwetu tumerithi mfumo wa Waingereza wa PhD ya utafiti. Mafunzo ya kukaa na mgonjwa yamo kwenye uzamili, kama ule wa saikolojia tiba unaotolewa Muhimbili, MUHAS. Uzamivu unaofuata ni utafiti. Unaandika pendekezo, unalitetea, unakusanya data, unaandika tasnifu, unaitetea. Ukiingia huna ujuzi wa tiba, utatoka daktari wa falsafa asiye na ujuzi wa tiba. Nimewaona watu waliodhani cheti kitawapa mikono ya kutibu. Hakiwapi.

Nairobi ipo katikati. Chuo Kikuu cha USIU-Africa wana PsyD ya saikolojia tiba, Chuo Kikuu cha Daystar wana PhD yake. Ile PsyD ina darasa na mazoezi ndani yake, karibu na utaratibu wa Kimarekani. Ndiyo maana kijana wangu aliiandika upande wa kulia wa mstari.

Jumanne ya tasnifu

Miezi yangu ya kwanza haikuwa na wagonjwa wala vitabu. Ilikuwa barua. Kibali cha kamati ya maadili, kisha barua kwa Katibu Tawala wa Mkoa, kutoka hapo kwa Mkurugenzi wa Halmashauri, kutoka hapo kwa mtendaji wa kata, kutoka hapo kwa mwenyekiti wa mtaa, ambaye siku niliyofika alikuwa msibani. Usiidharau kazi hiyo. Mwenyekiti yuleyule ndiye aliyenipitisha nyumba hadi nyumba Mikindani, na bila yeye hakuna mlango ambao ungefunguliwa.

Nilikuwa nachunguza sonona kwa wazee. Mkononi nina dodoso lililotafsiriwa kwa Kiswahili, maneno safi, yamekaguliwa. Kwenye baraza moja nikamkuta mzee mkulima wa korosho, kakaa juu ya mkeka, mwanawe yuko pembeni anafunga nyavu. Nikamsomea swali: katika wiki mbili zilizopita, ni mara ngapi umejiona huna thamani? Mzee akavua kofia, akaigeuzageuza mkononi, akasema: "Mwanangu, thamani itajulikana mnada ukifunguliwa."

Mwanawe akataka kucheka. Mzee hakuwa anatania. Kwake thamani ni bei, na bei ya msimu ilikuwa haijatoka. Nikaweka kalamu chini. Tulizungumza karibu saa nzima, ya mvua, ya mikorosho, mpaka akafika mwenyewe alipokuwa anapakwepa. Tangu mkewe afariki, alisema, watu wakija kuuliza jambo la shamba wanamuuliza mwanawe, yeye wanampita pale barazani kama kigogo. "Sihesabiwi," akasema. Mara mbili. "Sihesabiwi, mwanangu."

Neno hilo nililichukua kwa wazee wengine, na kila nilipolitamka walilielewa kabla sijamaliza sentensi. Karibu miezi mitatu niliitumia kwa maneno machache ya namna hiyo tu. Hii ndiyo tunu ya njia ya tasnifu, na ninaisema kwa moyo wote: inakupa muda wa kukaa na neno moja mpaka likufungukie, kwa lugha ya watu utakaowahudumia maisha yako yote. Sijui programu ya mazoezi ambayo ingenipa miezi mitatu kwa ajili ya neno.

Upande wa pili wa Jumanne ileile ni huu. Nilirudi Shangani magharibi, na sauti ya yule mzee bado iko masikioni. Msimamizi wangu alikuwa na sura ya pili ya tasnifu yangu kwa miezi mitano, hajaijibu. Hata angejibu, angejibu kuhusu sura. Hapakuwa na mtu ambaye kazi yake ilikuwa kuniuliza: na wewe uko vipi baada ya hayo? Wiki moja baadaye mama mmoja aliniambia wazi kwamba alikuwa ameshaandaa kamba. Karatasi zangu za maadili zilikuwa na aya inayosema mshiriki aliye hatarini atapelekwa hospitali. Aya hiyo haikusema ni nani atakayekaa naye mpaka ndugu yake arudi kutoka shambani, wala nani atakayekaa na mimi baada ya bajaji kuondoka naye. Nilikaa naye mwenyewe. Usiku ule nikampigia rafiki yangu Marekani, kwake ilikuwa mchana, akatoka nje ya jengo akanisikiliza mpaka salio likaisha.

Upweke huo ndio unaowamaliza watu wa tasnifu, kuliko takwimu. Hakuna darasa, hakuna wenzako wa mwaka. Wengi wetu tunasoma huku tuna kazi, kwa hiyo tasnifu inapata saa zilizobaki: usiku, na Jumamosi isiyo na harusi wala msiba. Muda ulioandikwa kwenye karatasi ni miaka mitatu au minne; nenda kaulize waliomaliza. Na ukisoma Dar huku unaishi kusini, umbali nao unakudai. Mei 2024 nilipaswa kuwasilisha kazi yangu mbele ya jopo, mvua zikaja pamoja na kimbunga Hidaya, barabara ikakatika upande wa Somanga, Kilwa. Niliwasilisha kwa simu, nimekaa karibu na dirisha nikitafuta mtandao. Jopo lilinielewa. Lakini maswali mawili niliyoulizwa mtandao uliyakata, na mpaka leo natamani ningekuwa ndani ya chumba kile.

Jumanne ya mazoezi

Rafiki yangu alikuwa na ratiba iliyojaa kama daladala la Mikindani asubuhi. Jumatatu darasa. Jumanne na Jumatano kliniki ya mafunzo, wateja wanne au watano. Alhamisi darasa tena. Kila kikao na mteja kinarekodiwa kwa ridhaa yake, na kila wiki kuna saa moja ya kukaa peke yake na msimamizi wakitazama rekodi hiyo, mbali na kikao cha kikundi. Mwanzoni alikuwa analia akijitazama. Mimi nilimwonea wivu hata kilio hicho.

Kuna rekodi moja amenisimulia mara nyingi. Mteja ni mama kijana, anaeleza wiki yake: mtoto halali, gari limeharibika, bosi kamfokea. Rafiki yangu, mtoto wa Masasi aliyelelewa na bibi, kila mama yule akivuta pumzi anamwambia "sori". Mtoto halali, sori. Gari limeharibika, sori. Kichwani mwake alikuwa anasema pole, kama ambavyo yeyote kati yetu angesema. Mwishowe mteja akasimama katikati ya sentensi akamuuliza: "Mbona unaniomba radhi kila nikisema jambo? Umenikosea nini?"

Msimamizi akairudisha nyuma rekodi mpaka pale. Akamuuliza: kwenu mnasemaje mtu akikueleza hivyo? Rafiki yangu akamweleza neno pole, kwamba halina kosa ndani yake, kwamba unamwambia hata fundi anayepanda ngazi na mwanamke aliyebeba ndoo. Msimamizi hakumkaripia. Alimwambia neno hilo lina tiba ndani yake na asilitupe. Atafute jinsi ya kulibeba kwa uso, kwa kuinama kidogo, kwa kunyamaza kwa wakati wake. Wiki kadhaa walifanyia kazi kunyamaza tu. Leo amerudi nyumbani, na sijapata kumwona mtu anayenyamaza mbele ya mgonjwa vizuri kama yeye. Nami najua kunyamaza huko kulifundishwa na nani na saa ngapi.

Hiyo ndiyo tofauti ninayotaka kijana aione. Mimi nilikuwa na mzee wa "sihesabiwi" bila wa kunirudishia rekodi. Yeye alikuwa na wa kumrudishia rekodi, lakini miaka yote hiyo hakusikia mgonjwa akisema "sihesabiwi".

Na Marekani kuna gharama ambazo vipeperushi havizitaji. PhD huchukua miaka mitano hadi saba. Programu nyingi zenye ufadhili hupokea watu chini ya kumi kwa mwaka, wakati waombaji ni mamia. Mwaka wa mwisho unaenda utarajali, karibu saa 2,000, na nafasi zinagawanywa kwa kulinganisha orodha: wewe unapanga vituo unavyovitaka, vituo vinapanga watu vinavyowataka, kompyuta inaoanisha. Rafiki yangu alipangiwa jimbo ambalo hakuwa amewahi kulikanyaga, akahama na mtoto katikati ya mwaka wa shule. Hospitali za wanajeshi wastaafu, ambazo ni miongoni mwa wanaofundisha wanasaikolojia wengi zaidi nchini humo, zinataka uraia wa Marekani kwa watarajali wao, kwa hiyo sehemu kubwa ya orodha aliifuta kabla ya kuanza. Viza ya mwanafunzi nayo inamruhusu kufanya kazi chuoni si zaidi ya saa 20 kwa wiki wakati wa muhula. Anayetaka leseni baada ya hapo ana mtihani wa maswali 225 unaomsubiri.

Binti wa Nairobi hunipigia Jumapili. Jumanne yake inafanana na ya rafiki yangu, darasa na wateja na usimamizi, ila anasikia lugha yake, au karibu na lugha yake. Kijana mmoja alimwambia siku ya kwanza: "Nimechapa." Akamuuliza: "Umemchapa nani?" Kumbe kijana anasema amechoka, amefika mwisho. Lilikuwa kosa, lakini lilirekebishwa kwa sentensi moja, na baada ya hapo yule kijana ndiye aliyekuwa mwalimu wake wa Kiswahili cha Nairobi, jambo ambalo, anasema, lilimfungua kuliko maswali yote aliyokuwa ameandaa. Kenya pia imetutangulia katika sheria: tangu 2014 wana sheria yao ya washauri nasaha na wanasaikolojia. Na wana Mathari, hospitali ya afya ya akili iliyoanza 1910, ambayo ni sehemu ya kujifunza kwa anayetaka kuona magonjwa mazito. Sisi tuna Mirembe, Dodoma, na nisingependa mtu wa kusini avuke mpaka kabla hajapita Mirembe kuona kazi ya huko.

Uingereza nitaigusa tu, kwa sababu kila mwaka kuna anayeniuliza. Udaktari wao wa saikolojia tiba ni wa miaka mitatu, mwanafunzi anaajiriwa na huduma ya afya ya taifa na kulipwa mshahara, anazunguka vituo vya watu wazima, watoto, wazee na wenye ulemavu wa akili. Ni mpango mzuri kuliko yote niliyoitaja. Lakini nafasi hizo zenye mshahara zimelengwa kwa wakazi wa kule. Usiyapange maisha yako juu yake ukiwa Lindi.

Fedha

Kwa tasnifu hapa nyumbani, mwajiriwa wa umma akipata ruhusa ya masomo anaendelea na mshahara, na hilo ni jambo kubwa kwa mwenye watoto na wazazi. Anza kuifuatilia barua ya mwajiri kabla ya barua ya chuo. Nairobi ni ada ya chuo binafsi na kodi ya nyumba ya mji mkubwa. Usiende na ahadi ya mjomba, nenda na fedha ya mwaka mzima au barua ya mfadhili iliyosainiwa.

Marekani nasema jambo moja bila kuficha. PhD yenye ufadhili hukufutia ada na kukupa posho kwa kufundisha au kusaidia utafiti. PsyD nyingi unajilipia. Ukikopa dola kusoma PsyD, halafu ukarudi kulipwa kwa shilingi Mtwara, deni hilo litakurudisha Marekani utake usitake. Ukiomba kwenda huko, omba zenye ufadhili peke yake.

Mistari niliyoongeza kwenye daftari

Nilichukua kalamu nikamwandikia chini ya ile mistari yake:

Tasnifu: unakutana na msimamizi anapopata nafasi. Mazoezi: kila wiki, imo kwenye ratiba, na asipokuja kuna wa kulalamikiwa.

Tasnifu: unaumizwa na ukimya. Mazoezi: unaumizwa na kutazamwa na kupimwa kila siku, na uchovu wa watu wengi.

Tasnifu: unaweza kuwa nyumbani mtoto akiugua, na msibani mtu wa mtaa akifariki. Mazoezi: bibi wa rafiki yangu alizikwa Masasi, rafiki yangu akiangalia kwa simu, saa tisa usiku ya Marekani.

Tasnifu: unabaki na lugha. Mikono inaweza kushika kutu. Mazoezi: unabaki na mikono. Lugha itabidi uitafute upya.

Akaniuliza mstari wa mwisho una maana gani.

Nikamweleza mimi kwanza. Karibu miaka minne nilikuwa nahoji watu kwa dodoso, sikukaa na mgonjwa kwa tiba. Siku niliyorudi kliniki, mgonjwa wa kwanza alikuwa msichana wa kidato cha tatu aliyeacha kula. Nilijua takwimu zote za umri wake. Sikujua nifanye nini na mikono yangu. Nilimaliza kikao mapema, nikaomba mwenzangu mwenye uzamili tu, mdogo kwangu kwa umri, akae nami vikao vitatu vilivyofuata. Alinifundisha upya kwa upole, na ninamshukuru. Ningekuwa naanza leo, ningeweka asubuhi moja kila wiki ya kliniki tangu mwezi wa kwanza wa tasnifu, hata bila malipo, na ningeandika jina la mtu atakayenisimamia asubuhi hiyo, tofauti kabisa na msimamizi wa tasnifu.

Rafiki yangu alirudi na mikono mizuri na Kiingereza kingi. Ule woga unaomshika mtu ghafla, moyo unakwenda mbio, anadhani anakufa, wenye hali hiyo alikuwa amewatibu kwa makumi. Mgonjwa wake wa kwanza hapa, mwanamke wa Newala, alimwambia: "Moyo unanipaa." Ilibidi ajifunze kuanzia hapo, kutoka moyo unaopaa. Mwanamke yule alikuwa ameshapita kwa mganga, na mama mkwe anaamini kuna aliyemchezea. Kule darasani walimfundisha kuheshimu imani ya mteja, ni kweli, lakini kuheshimu kwa jumla hakukwambii useme nini mama mkwe akiingia na hirizi katikati ya kikao. Hilo alijifunza kwetu, kwa wauguzi wa wodini waliokuwa wamelijua miaka yote. Juu ya hayo alikuwa na safari za TCU, Tume ya Vyuo Vikuu Tanzania, kwa sababu shahada ya nje inapitishwa kwao kutambuliwa. Anayesoma nje arudi nayo kamili, na nakala za matokeo zilizofungwa na chuo chenyewe.

Ningechagua nini

Kama uzamili wako ulikuwa wa saikolojia tiba wenye wagonjwa na usimamizi wa kweli, una kazi hospitalini, na kuna swali la huku kusini linalokunyima usingizi, chukua tasnifu hapa nchini. Swali ndilo muhimu. Bila swali lako mwenyewe, mwaka wa pili utakushinda.

Kama uzamili wako ulikuwa wa ushauri nasaha au saikolojia ya jumla, au fildi yako ilikuwa ya kusaini karatasi, nenda kwenye mazoezi, na uanze kutazama Nairobi kabla ya Marekani. Utapata usimamizi, utabaki ndani ya Kiswahili, na mama akiugua basi lipo.

Na lipo la tatu, ambalo nilimwambia kijana nikijua halitamfurahisha: huenda huhitaji uzamivu sasa. Afrika Kusini mtu anasajiliwa mwanasaikolojia tiba kwa uzamili, mwaka wa utarajali na mwaka wa kuhudumia jamii. Kutibu hakungoji uzamivu. Kama unachotaka ni kuwa bora mbele ya mgonjwa, miaka miwili ya kusimamiwa vizuri huko uliko inaweza kukupa zaidi ya miaka mitano ya kutafuta jina. Nilimuuliza: ukiitwa daktari na hakuna aliyewahi kusikiliza kikao chako hata kimoja, utajuaje kama unawasaidia watu? Alinyamaza. Kisha akasema hapo alipo, tangu aajiriwe, hakuna aliyewahi kumuuliza.

Basi tukaacha kulinganisha vyuo, tukaandika maswali ya kuwauliza wanafunzi waliomo ndani, maana ofisi za udahili zitakutumia kipeperushi. Msimamizi wako huchukua muda gani kujibu sura? Mara ya mwisho mlikaa lini? Ukitoka kwenye kikao kizito unakwenda kwa nani, na mtu huyo analipwa kwa kazi hiyo au anakuhurumia tu? Wangapi mlianza mwaka mmoja, wangapi wamebaki, na walioondoka waliondoka kwa nini? Unaruhusiwa kufanya tiba kwa Kiswahili, na anayekusimamia anakielewa?

Alizituma barua pepe tatu Jumatatu, kwa wanafunzi watatu wa sehemu tatu, majina tuliyapata kwa watu tunaofahamiana nao. Mpaka naandika haya amejibiwa moja. Ni fupi. Mwanafunzi huyo anasema wanakaa kikundi cha watu wanne na msimamizi kila Alhamisi, kwa muda wa saa mbili, na kwamba wiki ambayo mteja wake alijiua, msimamizi alimpigia simu kila jioni kwa siku saba. Kijana ameinakili barua hiyo kwa mkono kwenye daftari, upande wa kulia wa mstari. Upande wa kushoto ameacha nafasi tupu, anasubiri.